Boila Yetu Nayo Ni Stimpanki

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uteuzi wa Filamu,
Klabu ya Filamu ya Mtaa,
Ukumbi wa Maktaba.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATALIWA KWA FILAMU "ZAMU YA ASUBUHI"

Kabla ya yote nikujulie hali wewe na familia yako, ingawa hali yenu naijua, maana mke wako ni mdogo wangu wa tumbo moja na jana tu tulikuwa tunachambua mchele pamoja. Naomba ieleweke mapema kwamba barua hii haikuandikwa na shemeji yako. Imeandikwa na mtunza boila wa hospitali, mwenye cheti cha daraja la pili na miaka thelathini na moja kazini. Shemeji yako yeye hana neno nawe. Yuko nyumbani, amenuna.

Nijitambulishe rasmi kwa ajili ya wajumbe wasionifahamu. Mimi ndiye ninayewasha ile boila ya nyuma ya hospitali, inayopeleka mvuke kwenye mashine za kufulia, kwenye pasi kubwa ya shuka na kwenye chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji. Watu huniita Mama Presha. Wagonjwa wengi hudhani ni presha ya damu, wakanisimamisha koridoni na kuninyooshea mkono niwapime. Huwa nawaangalia usoni, nawaambia wapunguze chumvi, naendelea na safari yangu. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita klabu yako ilibandika tangazo kwenye ubao wa maktaba kwamba kutakuwa na Wiki ya Filamu za Stimpanki, na kwamba wakazi wa mtaa wanakaribishwa kuleta filamu fupi walizotengeneza wenyewe. Neno hilo lilikuwa geni kwangu. Nilidhani ni dawa ya mende. Nikamwuliza binti yenu, yule mpiga picha za pasipoti, naye akanieleza kwa subira aliyoirithi upande wetu.

"Mama mkubwa," akaniambia, "hizo ni filamu za dunia ambayo mvuke haukustaafu. Umeme na petroli havikuwahi kushika hatamu. Kila kitu kinaendeshwa kwa mvuke, mabomba ya shaba kila mahali, geji ukutani, vali zinapiga kelele."

"Mwanangu," nikamwambia, "dunia hiyo mimi naingia kazini kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri."

Akanitazama. Nikamtazama. Siku ya tatu alikuja na simu yake na kile kigoda chake cha miguu mitatu, tukapiga filamu ya dakika kumi na moja. Sifichi kwamba ina kasoro. Kwa kuwa binti yenu amezoea pasipoti, kila mtu katika filamu yetu anatazama kamera moja kwa moja, hatabasamu, na masikio yake yote mawili yanaonekana. Lakini mvuke uko. Uko tangu sekunde ya nne.

Mlitujibu kwa barua ya mistari mitatu, ambayo nimeisoma mara nyingi hadi imechanika kwenye mkunjo. Mliandika: "Filamu yenu ni nzuri kama taarifa ya kazi. Hata hivyo haikidhi vigezo vya stimpanki. Haina gia, haina miwani, na haina ndoto." Halafu zawadi ya kwanza mkampa fundi cherehani wa mtaa wa pili, kwa filamu yake "Nahodha wa Mawingu".

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. KUHUSU MVUKE. Filamu iliyoshinda haina mvuke. Narudia kwa sababu hili ndilo jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelishtukia kwanza: haina mvuke hata wa kufungulia bahasha. Kile kinachoonekana kikifuka kwenye bomba la ile meli ya angani ni poda ya mtoto, inapulizwa na feni ya mezani. Mimi filamu hiyo sijaitazama, na nimeapa sitaitazama, lakini nina habari za uhakika kutoka kwa mpiga pasi wetu, ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na minane, tukitenganishwa na ukuta mmoja tu, na ambaye bila kuniaga alikwenda kuigiza kama nahodha katika filamu ya mpinzani wangu. Jumatatu alikuja kazini akipiga chafya. Nikamwuliza, "Umepata mafua?" Akasema, "Hapana dada, nimepata mvuke." Akacheka. Sikucheka. Siku hiyo nilimpelekea presha ya chini kidogo kuliko kawaida, na shuka zake hazikunyooka vizuri hadi saa nne.

2. KUHUSU GIA. Mlipokuja kukagua mahali tulipopiga filamu, ile Jumatano, mkiwa watatu, yaani wewe, mkutubi na mwalimu wa kompyuta, niliwapokea kwa heshima zote. Nilipiga deki chumba kizima. Nilisugua kioo cha kuonyesha maji hadi kikang'aa. Nilipaka rangi mpini wa beleshi la majivu, jambo ambalo sijalifanya hata kwa ajili ya mkaguzi wa serikali.

Mkutubi aliizunguka boila mara mbili kama mtu anayetafuta mlango, kisha akauliza, "Gia ziko wapi?"

"Boila haina gia, mama," nikamjibu. "Hii si baiskeli."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilichungulia. Aliandika: Gia, sifuri.

Ndugu Mwenyekiti, katika filamu ya fundi cherehani nasikia gia ziko mia mbili. Zimekatwa kwenye maboksi, zikapakwa rangi ya dhahabu, zikabandikwa kwenye kofia, kwenye mikoba, kwenye kola, na moja kwenye kitambaa cha kufutia pua. Hakuna hata moja inayozungusha kitu. Gia isiyozungusha kitu ni kifungo. Kama vigezo vyenu ni vifungo, mngeliandika hivyo kwenye tangazo, na mimi ningeleta koti la marehemu mume wangu.

Kisha, kama utakavyokumbuka, vali ya usalama ikafunguka. Hiyo ndiyo kazi yake. Presha ikizidi inapumua, na isingepumua sisi sote pamoja na daftari la mkutubi tungekuwa juu ya paa. Sauti yake ni kubwa, sikatai. Mkutubi alikimbilia nje akiwa na kiatu kimoja. Mwalimu wa kompyuta alipatikana baadaye ndani ya kikapu cha shuka chafu za wodi ya upasuaji, akiuliza kama ameumia. Wewe nitakusemea katika nambari ya nne.

Nauliza kwa unyenyekevu: ni filamu gani nyingine katika wiki yenu yote iliyomtupa mjumbe wa kamati ndani ya kikapu? Na kama hiyo haihesabiki kuwa sinema, basi sinema ni nini?

3. KUHUSU MIWANI. Hapa naomba uketi. Wewe ni fundi miwani. Umekaa kwenye duka lile miaka ishirini na mbili, una cheti ukutani na kioo kikubwa kuliko changu cha nyumbani. Katika filamu iliyoshinda, watu kumi na wawili wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea, na wote kumi na wawili wameivaa kwenye paji la uso. Kwenye paji la uso, shemeji! (Samahani. Ndugu Mwenyekiti.) Je, katika miaka yako yote umewahi kumwandikia mgonjwa miwani ya paji la uso? Alikuja nani kwako akasema, "Daktari, paji langu halioni mbali"?

Isitoshe, nimefahamishwa kwamba miwani hiyo ilipitia dukani kwako, kwamba wewe ndiye uliyeiazima kutoka kwa mafundi wa kuchomelea wa barabara ya nyuma na kuibadilisha vioo ikawa ya rangi ya chai. Yaani mwamuzi kaivalisha timu moja viatu, kisha kapuliza filimbi. Nimepita barabara ya nyuma. Wale mafundi sasa wanachomelea wakiwa wamegeuza shingo pembeni. Geti la shule ya watoto limechomelewa likaangalia kushoto.

4. Nambari ya nne nimeifuta, kwa heshima ya mdogo wangu. Ilihusu nani alimkumbatia nani vali ilipofunguka, na kwa muda gani. Wewe unajua. Mpiga pasi anajua. Yatosha.

5. KUHUSU VIUNO. Nasikia wahudumu wa chumba cha mashine katika meli ile ni wanawake waliobanwa viuno kwa kamba hadi wanaongea kwa sauti nyembamba. Chumba changu cha boila kinafika nyuzi joto arobaini na tatu. Mtu aliyebanwa kiuno pale atazirai kabla hajafika kwenye geji. Tunavaa ovaroli. Ovaroli ina nafasi ya pumzi, mifuko minne, na ukiinama haikuaibishi. Hili ni fupi lakini naomba lisidharauliwe.

6. KUHUSU MAANA YA NENO LENYEWE. Baada ya kupokea barua yenu nilikuja dukani kwako Alhamisi saa tano asubuhi kukata rufaa kwa mdomo. Ulikuwa unampima macho dereva mmoja wa lori, umemvika lile fremu la chuma lenye vioo vya kubadilisha. Ulisema nisubiri. Nilisubiri. Kisha nikashindwa, nikakuuliza kosa letu ni nini.

"Shemeji," ukaniambia bila kugeuka, "kosa lenu ni kuleta mvuke wa kweli."

"Ulitaka wa uongo?"

"Nilitaka ambao haukuwahi kuwepo. Stimpanki ni dunia ambayo haikuwahi kuwepo. Soma mstari wa tatu, bwana."

"H," akasema dereva. "N. Au M."

"Wetu upo," nikasema. "Njoo saa kumi na mbili asubuhi uushike kwa mkono wako."

"Hilo ndilo tatizo lake, shemeji. Upo."

Nikamgeukia dereva, maana nilihitaji mtu wa tatu. "Wewe ni mtu mzima na una leseni. Hebu tuambie, kitu kuwepo ni kosa?"

Dereva akageuza uso taratibu na lile fremu likimning'inia puani, akasema, "Mama, mimi hata wewe sikuoni vizuri."

Ukacheka. Dereva naye akacheka. Nikatoka nikasahau mwavuli wangu, na nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa kwa mvua na kwa hasira.

Lakini njiani nilifikiri, na nimeendelea kufikiri tangu siku hiyo, na sasa nataka nikujibu kwa maandishi. Kama unavyojua, hospitali imenunua mashine mpya za umeme. Zimeshafika, ziko uani zimefunikwa turubai. Tarehe thelathini ya mwezi huu boila yetu itazimwa, na haitawashwa tena. Mkuu wa ugavi alikuja kuniambia akiwa amevua kofia kama aliyekuja kutoa pole.

Basi fuatana nami polepole. Wewe umesema mvuke wetu haufai kwa sababu upo. Kuanzia tarehe moja, mvuke wetu hautakuwepo. Hospitali yetu itakuwa mahali ambapo mvuke ungeweza kuendelea lakini haukuendelea, na mtu akitaka kuuona itabidi auwaze. Kwa mujibu wa maneno yako mwenyewe, mbele ya shahidi asiyeona vizuri, filamu yetu inakuwa stimpanki kamili saa sita usiku ya tarehe thelathini. Naomba kamati inijulishe kama itaipokea tarehe moja asubuhi, au kama inahitaji siku chache ili boila ipoe.

7. KUHUSU NDOTO. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu kila nikilianza kalamu inachafua karatasi.

Mmeandika kwamba filamu yetu haina ndoto. Mmeandika pia, kwenye fomu ya alama ambayo binti yenu aliiona mezani kwako, kwamba dakika ya tisa "hakuna kinachotokea". Dakika ya tisa nimesimama mbele ya geji, naitazama. Ni kweli, mshale hausogei. Ndugu Mwenyekiti, mbele ya geji, kutotokea kitu ndiyo kazi yenyewe. Siku kitu kitakapotokea, mtasoma gazetini.

Nilipofika pale nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mtunza boila aliyekuwepo, mzee mmoja mwenye kifua kipana, alikataa kunikabidhi beleshi. Aliniambia, "Binti, hii itakutoa machozi." Nikamwambia, "Nitajua nikifika hapo." Siku saba nilikaa nimesimama mlangoni, nikimtazama tu, kwa sababu hakuniruhusu kugusa. Siku ya nane mgongo ukamkaba akiwa ameinama, akabaki hivyo hivyo, hawezi kwenda juu wala chini, na presha inashuka, na daktari wa upasuaji anapiga kelele kutoka dirishani kwamba vifaa havijachemka. Nikalichukua beleshi mkononi mwake. Hakulishikilia. Alinielekeza akiwa ameinama vile vile, anaongea na sakafu: weka huku, funga kile, subiri, subiri, sasa. Mshale ulipopanda aliniambia, "Haya. Nitafutie mtu wa kuninyoosha."

Tangu hapo, kila mtoto aliyezaliwa katika hospitali ile amefungwa kitambaa kilichopita kwenye mvuke wangu. Wako waliokwisha kuwa na watoto wao, nao nimewafunga. Wewe mwenyewe ulipopasuliwa kidole tumbo, mwaka ule ambao mdogo wangu alikonda hadi pete ikamtoka, shuka uliyolalia ilitoka kwangu ikiwa bado na joto. Niliichagua mimi, isiyo na kiraka. Hukuuliza kama ina ndoto. Ulilala.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kabla haijazimwa, watu wa mtaa wakae gizani dakika kumi na moja, waitazame kwa ukubwa wa ukuta. Kwa sababu miaka yote hii hakuna mtu anayekuja kule nyuma. Wanaona moshi juu ya paa, wanasema mvua itanyesha.

MAOMBI YANGU, kwa kuzingatia hayo yote, ni kama ifuatavyo:

(a) Filamu "Zamu ya Asubuhi" ionyeshwe ukumbini kabla ya tarehe thelathini.

(b) Kuanzia sasa, kila filamu inayotaka kuitwa stimpanki iambatane na cheti cha mkaguzi wa boila kinachoonyesha presha iliyotumika, tarehe ya ukaguzi na muhuri. Filamu isiyo na presha yoyote iwekwe kwenye kundi lake, na kundi hilo liitwe Poda.

(c) Miwani yote irudishwe barabara ya nyuma kabla hawajachomelea kitu kingine.

(d) Kila mjumbe wa kamati afanye zamu moja kwangu. Mkutubi nitampa majivu. Mwalimu wa kompyuta kikapu anakijua.

(e) Meli yoyote ya angani inayoonyeshwa katika filamu ifanyiwe hesabu. Boila yangu ina uzito wa tani tisa bila maji. Fundi cherehani anainyanyua ya kwake kwa puto lililoshonwa kwa bitana ya pazia. Naomba aje ainyanyue na hii, maana hospitali nayo haijui itaitoaje pale.

(f) Neno "stimpanki" likabidhiwe kwetu watunza boila kwa uangalizi. Tumebaki wanne katika eneo hili lote. Tutakuwa tunawaazima mnapolihitaji, mradi mlirudishe likiwa safi.

(g) Kamati itangaze kwa maandishi kwamba mimi binafsi, kwa kuwa nimeishi miongo mitatu katika dunia ambayo nyinyi mnasema haikuwahi kuwepo, sikuwahi kuwepo pia, na kwa hiyo nastahili kuingia ukumbini bila tiketi.

Maombi haya yasiposikilizwa ndani ya siku saba, nitalazimika kuchukua hatua kali. Nitaacha kukuita shemeji. Nitakuwa nakuita "bwana yule", hata mbele ya wageni, hata kwenye picha za familia.

Naomba kuishia hapa kwa sababu karatasi imeisha na kalamu nayo imeanza kukwaruza. Nisalimie mdogo wangu, mwambie ungo wake uko kwangu. Nisalimie binti yenu kwa moyo wote, na umwambie kwamba kukataliwa na baba yake kusimkatishe tamaa. Mimi nimekataliwa na wengi walio bora kuliko yeye. Nisalimie mama yako mzazi na miguu yake. Nisalimie mkutubi, na kiatu chake kimepatikana. Nisalimie mwalimu wa kompyuta. Nisalimie dereva wa lori kama alipata miwani, na kama hakupata usimsalimie, anaweza kuwa barabarani. Fundi cherehani naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi ninayesubiri majibu kwa presha ya kawaida,

Mtunza Boila,
maarufu Mama Presha

NYONGEZA: Barua hii niliifunga leo Jumamosi saa nane mchana, nikaileta ukumbini mwenyewe ili nikukabidhi mbele za watu. Mlangoni nikaambiwa uko ndani, filamu imeanza, nisubiri. Nje hapakuwa na kiti. Nikaingia, nikasimama nyuma kabisa, nikautazama ukuta wa pembeni ili nisivunje kiapo. Baada ya kama dakika tano shingo ikaniuma, nikaigeuza kidogo tu.

Ile meli yao ilikuwa imezimikiwa katikati ya mawingu. Abiria wanapiga kelele, kofia zinaanguka. Nahodha, yaani mpiga pasi wetu, akashuka peke yake kwenye chumba cha mashine. Mashine yenyewe ni maboksi ya sabuni kutoka stoo yetu, hata jina la sabuni linasomeka. Akaweka kiganja juu ya boksi, akafumba macho, akasema polepole, "Haya mama, amka. Kuna watu wanangoja kulala pasafi."

Hayo maneno ni yangu. Naiambia boila kila alfajiri kabla ya kuwasha, na kwa miaka yote nilidhani niko peke yangu. Sikuwahi kumwambia mtu, wala mpiga pasi hakuwahi kuniambia kwamba ukuta ule unapitisha sauti. Hapakuwa na mvuke wowote pale, na mimi niliusikia ukipanda. Nililia kama mtoto, nikajifuta kwa bahasha hii, ndiyo maana imekufikia ikiwa na madoa. Meli ilipoondoka nilipiga makofi kabla ya wengine, na mtu wa mbele akaniambia, "Mama, bado haijaisha."

Baadaye ulinikuta pale nyuma ukaniuliza, "Shemeji, umeleta malalamiko?" Nikakwambia bado nayaandika. Basi ndiyo haya. Yasome, maana nimeyahangaikia siku tatu na mwandiko ni mzuri, lakini tafadhali usiyafanyie kazi. Zawadi abaki nayo fundi cherehani. Ombi (a) tu ndilo naliacha mezani kwako, uliamue utakavyoona.

La mwisho. Naomba uniwekee viti viwili kwa onyesho la Jumamosi ijayo. Kimoja ni changu. Kingine ni cha fundi umeme aliyeletwa kufunga zile mashine mpya. Nilikutana naye uani wakati natoka kuja huko, akaniuliza hiyo stimpanki inayosemwa mtaani ni kitu gani hasa. Nilikuwa na barua hii mkononi, kurasa tisa, na nikashindwa kumjibu.